Mchanga wa Mlangoni

Sidi mwanangu,

Sikuulizi hali. Mlipoondoka mchana wewe na baba yako kwenda Tezo kumuaga baba yako mdogo, nilikusikia ukicheka mpaka pale kwenye kona ya muuza mkaa, na mtu anayecheka namna ile hajambo. Najua hamtarudi mapema, maana baba yako mdogo hamwachi mtu aondoke bila kula. Kwa hiyo nimefunika cherehani, nimeweka karatasi juu ya kifuniko, na nina jioni nzima ya kukuandikia yale ambayo nikianza kukwambia kwa mdomo utasema, "Mama, umeanza tena."

Habari za sweta, za kuchemsha maji na za kutozungumza na watu stendi umezisikia wiki nzima. Sizirudii.

Naanza na kosa dogo ili nipate nguvu ya kulifikia kubwa. Jumanne ulipokwenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya, nilifungua begi lako. Jumatano nikalifungua tena, kwa sababu Jumanne sikuona kitu, na hilo lenyewe likanitia wasiwasi. Nilikuwa nikitafuta nini, sijui. Barua ya mwanamume, simu ya pili, chochote. Nilikuta nguo ulizozikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, vyeti vyako vya shule, na picha ya mbwa wetu Nawaona uliyoichapisha kule mjini, amekaa mbele ya geti na sikio lake moja limelala. Picha yangu sikuiona. Nilinuna siku mbili, nawe ukadhani ni mambo ya safari.

Ndivyo nilivyo, unanijua. Ulipoingia sekondari nilikufuata mara mbili mpaka shuleni, nimejigubika leso, nikajificha nyuma ya kibanda cha muuza viazi. Yule mwenye nyumba wa huko Nakuru utakakopanga aliniita "mpenzi" mara tatu katika simu moja, na mpaka leo najiuliza anataka nini. Huyo msichana mtakayekaa naye chumba kimoja, uliponiambia ni mpole sana, nilikuuliza mpole wa nini. Hata hayo masomo yenyewe ya kutibu wanyama niliyashuku, nikafikiri labda kuna mwalimu wa kiume ndani yake. Baba yako husema kwamba ningekuwa polisi, hata wezi wangeonewa huruma.

Mbwa wetu mwenyewe nilimpa jina kwa ajili hiyo. Baba yako alimleta ndani ya katoni kutoka kazini kwake kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni, hata macho hayajafunguka sawasawa, nawe ukataka aitwe Popi. Nikakataa. Kwetu Marafa mtu mwenye neno na jirani alikuwa akimpa mbwa wake jina la kulisema, kisha anamwita uani kwa sauti. Nikamwita Nawaona, ili kila nikimwita mtaa mzima usikie na kila mtu ajipime mwenyewe. Majirani walicheka, lakini mimi nilikuwa na maana yangu.

Yeye ndiye sababu ya barua hii, yeye na Bi Zuhura.

Najua unamkumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane, mwenyeji wa hapa hapa Malindi mjini, akipika vibibi alfajiri na kuviuza barazani kwake. Ulikuwa ukimwamkia shikamoo kupitia tundu la ukuta kabla hujaniamkia mimi, naye alikufundisha kusuka ukili wa mikeka. Kisha siku moja akahama. Ulipolia nikakuambia amehama kwa sababu hapendi mbwa. Siku ile ulimpiga Nawaona kwa kandambili, ukamwambia yote ni makosa yake, naye akajilaza chini akikutazama tu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliona, nikanyamaza.

Nilikudanganya, Sidi. Bi Zuhura alihama kwa sababu yangu mimi.

Mwaka ule mvua ilituama uani kwake mpaka maji yakaingia chumbani, na mwanawe wa Mombasa akaja akamwekea kabro, yale matofali ya kutandika chini, uani pote, kuanzia mlangoni hadi ukutani. Watu walikwenda kuiangalia kama harusi. Kwetu palibaki mchanga mtupu, kama unavyopaona hadi leo.

Miezi michache baadaye, nikiwa hapa hapa nilipokaa sasa, nikishona sare za shule, nilimwona Bi Zuhura akija getini kwetu baada ya magharibi. Alikuwa na kifuu mkononi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama, akachota mchanga pale tunapopita, akaufunika kwa pembe ya leso na kurudi kwake. Nilisimamisha cherehani. Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu nilizima taa nikamngojea, naye akaja, na mara hii akachota penye unyayo wako, kwa sababu ulikuwa umetoka kuoga ukapita hapo peku. Niliuona unyayo kabla yake, na alipoondoka nikaenda kutazama, haupo.

Wewe umekulia mjini, hujui mchanga wa unyayo ni kitu gani kwa mtu wa kwetu. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akizifagia nyayo zetu sisi watoto kila jioni, asibakishe hata moja, maana akisema mtu akitaka kukumaliza huanzia hapo. Wiki ile ile ukashikwa na homa. Daktari alisema ni malaria, akakupa dawa ya malaria, na ukapona kwa dawa hiyo hiyo ya malaria. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuunganisha mambo yangu. Nikakumbuka kwamba Bi Zuhura hakuwahi kuingia kwetu hata siku moja, kila mara husimama getini na kuikusanya nguo yake. Nikakumbuka kwamba Nawaona, anayembwekea hata kuku wa jirani, akimwona yeye hutikisa mkia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Sikumwendea kumuuliza. Asubuhi nilichukua madumu yangu nikaenda mferejini, na wanawake walipokuwa wamepanga foleni nikasema, "Yule mama jirani yangu, kila jioni anachota mchanga mlangoni kwangu. Sijui wa nini." Nilisema hayo tu, kisha nikachota maji yangu nikarudi. Nilijua hayahitaji kuongezewa.

Nilijua, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Shangazi wa baba yangu, mzee Kache, alifukuzwa Marafa kwa neno kama hilo. Mtu mmoja alisema kisimani kwamba amemwona akizunguka boma la wenyewe alfajiri. Alikuwa na mvi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, basi watu hawakutaka ushahidi mwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa kama wewe wakati ule. Nilimbebea kikapu chake mpaka barabarani, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama nimekula. Nilikuwa nikijua vizuri neno lile linavyotembea, na bado nililitoa mdomoni mwangu.

Wiki haikuisha. Vibibi vya Bi Zuhura vikaanza kubaki kwenye sinia mpaka adhuhuri. Akina mama wakawa wanawaita watoto wao ndani anapopita. Mtu akarusha jiwe juu ya mabati yake. Nilikuwa nikiyaona yote kutoka kwenye cherehani hii, na kila moja nililihesabu kuwa ushahidi kwamba sikukosea, kwa maana watu wote hao wangekosea vipi kwa pamoja. Kwamba wote walikuwa wameyatoa kwangu, hilo sikulifikiria.

Alhamisi moja alasiri wakaja vijana watatu. Hawakuwa wa mtaa wetu, mmoja namjua kwa sura tu. Wakasimama mlangoni kwake, wala hawakupiga kelele. Walimwamkia shikamoo, hilo sitalisahau, halafu wakamwambia ampigie mwanawe simu aje amchukue, na wakampa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili, la sivyo wao hawatawajibika kwa litakalotokea. Bi Zuhura alisimama ameshika mlango kwa mikono miwili. Na mimi, mama yako, niliendelea kushona. Nilishona pindo zima la sketi, mguu uko juu ya pedali. Nilipolitazama baadaye niliona nimeshona bila uzi.

Aliyekwenda ni mbwa. Nawaona aliruka geti, akapita katikati ya miguu ya wale vijana, akakaa kizingitini kwa Bi Zuhura na kumtazama usoni, mkia unafagia chini. Mmoja wao akasema, "Mnaona? Hata mbwa wa watu kashamshika." Wakacheka, wakaenda zao.

Nilitoka mbio kumfuata mbwa wangu. Wasiwasi wangu wakati ule, hebu fikiria, ulikuwa kwamba amelishwa kitu. Niliingia uani kwa Bi Zuhura kwa mara ya kwanza tangu kabro iwekwe, na pale chini ya bomba nikakuta bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, kata ya maji, na kile kifuu kikiwa na mchanga wetu. Nikamuuliza mchanga ule ni wa nini. Swali lenyewe lilikuwa fupi kiasi hicho.

"Wa kutahirishia, mwanangu," akanijibu. "Huyu mbwa wako huja kula kwangu magharibi. Akishamaliza bakuli hanisazi mkono, huuramba, na mate ya mbwa kwetu ni najisi. Sharti nioshe mara saba, moja kwa mchanga, ndio nisali isha. Na kwangu pote ni kabro, nitautoa wapi?"

"Mbona hukuniomba?"

"Ningekuomba mchanga ungeniuliza wa nini. Ningekwambia, wenzangu wa darsa wangesikia, waseme Zuhura uzeeni kafuga mbwa. Nawe ungeona nakuaibisha, kwamba mbwa wako ana njaa." Akamtazama Nawaona. "Na njaa alikuwa nayo, mamangu. Mbavu zake zikihesabika."

Ni kweli. Nilikuwa nikimpa ukoko wa ugali mara moja kwa siku, kwa sababu niliamini mbwa aliyeshiba halindi. Wewe ulikuwa ukimtupia vipande vya chakula chako chini ya meza na mimi nikikugombeza. Kumbe tulikuwa watu wawili wa kumlisha kwa siri, wewe upande huu wa ukuta na Bi Zuhura upande ule, na wote wawili mkinificha mimi.

Utafikiri nilikimbia mferejini siku ile ile kusema kwamba nimekosea. Nilikwenda. Nilibeba madumu, nikasimama kwenye foleni, nikafungua mdomo, kisha nikauliza bei ya nyanya. Kesho yake vile vile. Niliogopa kuulizwa nani alianza. Niliogopa wasije wakanigeukia mimi, waseme mwanamke huyu mbona leo anamtetea, labda wako pamoja. Unaona jinsi kichwa changu kinavyofanya kazi. Zile siku zilizobaki kabla ya Ijumaa niliyoisikia kwa masikio yangu nilizipitisha hivyo, nikienda na kurudi na maji.

Mwanawe alikuja Jumatano na gari la mizigo. Hakunisalimu. Vitu vyenyewe havikuwa vingi, kitanda, kabati, mikeka, na ile sinia ya vibibi. Wewe ulikuwa shuleni. Gari lilipokuwa tayari, Bi Zuhura akashuka tena, akaja mpaka getini kwangu, akasimama pale pale alipozoea kusimama. Mkononi alikuwa na lile bakuli.

"Mpe mwenyewe," akasema, "keshalizoea." Halafu akaniambia, "Mama Sidi, nilichukua mchanga wako siku nyingi bila idhini yako. Naondoka, na sijui kama tutaonana. Nakuomba unihalalishie."

Wajua wenzetu Waislamu hawaondoki mahali bila kuombana msamaha. Alikuja kuniomba mimi msamaha kwa vifuu vya mchanga. Nami nikamjibu, kwa sauti yangu hii hii, "Nimekuhalalishia, Bi Zuhura." Nilimsamehe. Yeye akasema ahsante, akapanda gari, wakaenda. Nimeyarudia maneno yale miaka kumi nikitafuta mahali ambapo ningeingiza yangu, na kila mara naona palikuwa na nafasi ya kutosha.

Bakuli sikumpa mbwa. Nililificha chini ya sanduku la vitambaa, usije ukaliona ukaniuliza. Tangu siku ile nimekuwa nikimlisha Nawaona mara mbili, na wewe ulidhani moyo wangu umelainika kwa sababu ya mahubiri ya Pasaka.

Kwa nini nakuambia leo? Kwa sababu mwezi uliopita alikuja hapa msichana mwenye mtandio wa kijani kupunguza mikono ya gauni. Nilimshuku tangu alipoingia, maana mafundi wamejaa huko mjini na gauni lenyewe lilikuwa linamkaa. Nikamhoji anatoka wapi, anamjua nani hapa, nani alimwelekeza kwangu. Akacheka, akasema yeye ni mjukuu wa Bi Zuhura, amekuja harusini Malindi, na bibi yake amemtuma aulize mambo mawili. La kwanza, je, mbwa yuko hai. La pili, je, Sidi bado anajua kusuka ukili. Hakutumwa kuuliza neno jingine lolote. Nilimngojea alitoe, nilimshonea mikono polepole makusudi ili alitoe, na hakulitoa. Akaniandikia nambari ya simu na mahali wanapokaa Kisauni, akaenda zake. Hakika, nilipomwona Nawaona akimsindikiza mpaka barabarani na miguu yake ya kizee, nililia.

Mwezi mzima karatasi ile imekuwa ndani ya kopo la vifungo. Niliogopa ukienda kwa Bi Zuhura atakuambia yeye kwanza. Halafu nikafikiri, mtu aliyekaa kimya miaka kumi hatakuambia. Utakaa naye, utakula vibibi vyake, utarudi unampenda yeye na kuniamini mimi, na hilo ndilo nililoona siwezi tena kulibeba.

Sikwambii uache kushuku watu. Mimi mwenyewe sijaacha, na yule mwenye nyumba wa Nakuru bado simwelewi. Wewe ni mwanangu, ukifika huko nawe utakaa dirishani na kuhesabu nani katoka na nani kaingia, nimeshakuona ukifanya hivyo. Nakuomba jambo moja tu. Ukimwona mtu anachota mchanga mlangoni kwako, toka nje umuulize, hata kama sauti inakutetemeka, kabla hujabeba madumu kwenda mferejini. Na ukishakwenda mferejini, rudi huko huko ukaseme. Mimi sikurudi mpaka wiki hii. Jana nilisimama pale nikawaambia waliokuwepo kwamba Bi Zuhura hakuwa na ubaya wowote, mchanga ule ulikuwa wa kujitahirishia baada ya kumlisha mbwa wangu. Wengi walikuwa wasichana wadogo, hawakujua namzungumzia nani. Ni mama mmoja tu wa zamani aliyenitazama, akaniuliza, "Sasa ndio unatuambia?" Nikamjibu ndio.

Naogopa utakavyonitazama asubuhi. Nimekwisha kujitungia nyuso zako tano, na zote sizipendi. Lakini ni haki yako, mwanangu. Ulimpiga mbwa kwa kosa langu, na miaka yote hii umeamini kwamba mtu uliyempenda alikuacha kwa sababu ya kitu kingine ulichokipenda.

Gari lako kesho litapita karibu na Kisauni kabla ya kufika Mombasa mjini, na basi lako la kwenda bara halitoki mpaka jioni. Saa zipo. Nimempigia simu yule mjukuu, nikamwambia huenda ukapita. Akauliza utakuja na nani. Nikasema sijui bado.

Bakuli nimelitoa, nimelisugua, nimeliweka juu ya begi lako. Juu yake, si ndani. Begi sikulifungua. Nawaona amelinusa, kisha akalala ubavuni pake, naye hajainuka tangu nianze kuandika.

Asubuhi usinijibu kwa maneno, kwa sababu nitayachambua mpaka nipate ndani yake kitu ambacho hukukisema. Ukilitia bakuli ndani ya begi, nitaelewa kwamba unataka kwenda kwa Bi Zuhura peke yako, na mimi nitakusindikiza stendi tu na kurudi kumlisha mbwa. Ukiliacha pale juu, nitalibeba mimi. Nitakufuata mpaka Kisauni nikamwombe yeye anihalalishie, na safari hii utakuwa unajua kwamba nakufuata.

Viatu vyangu nimeshavipiga rangi.

Mama yako.